Kipuri cha Kuunda si Kipuri cha Bure

Kila fundi anaijua kauli hii: "Fanya maarifa." Huambiwa na mwenye pikipiki aliyeishiwa fedha, huambiwa na msimamizi wa kiwanda ambaye oda yake ya vipuri imekataliwa na ofisi kubwa, huambiwa na meneja wa shamba ambaye trekta lake limelala siku ya mavuno. Maneno ni mawili, lakini ndani yake mna kazi ya siku tatu. Mimi nasema kwamba maarifa hayo ni ujuzi kamili, una kanuni zake na mipaka yake, na mwenye kuutumia anastahili kulipwa anapokubali na kusikilizwa anapokataa. Nitaeleza kwa mfano wa pikipiki kuukuu, kwa kuwa kwenye pikipiki mambo haya yanaonekana wazi. Mashine ni ndogo, sehemu zake zahesabika, na mara nyingi anayeitengeneza ndiye atakayeketi juu yake.

Sisemi habari za pikipiki za maonyesho, zile zinazong'arishwa na matajiri wa Ulaya na kuwekwa sebuleni. Nasema habari za pikipiki iliyolala miaka ishirini nyuma ya stoo ya shamba, kuku wakitagia chini ya tangi lake, hata mfanyakazi mmoja akaomba kuinunua kwa bei ya chuma chakavu ili imbebe yeye, mkewe na dumu la maziwa. Mtu huyo hataagiza vipuri Birmingham. Atakwenda kwa fundi.

Ninayoifahamu zaidi ni BSA Bantam. Ilianza kuuzwa mwaka 1948 na kampuni ya Birmingham Small Arms ya Uingereza, ambayo, kama jina lake linavyosema, asili yake ni kutengeneza bunduki. Ile ya kwanza, iliyoitwa D1, ina injini ya mipigo miwili yenye sentimita za ujazo 123, silinda ya upana wa milimita 52, mwendo wa pistoni wa milimita 58, na gia tatu. Ilikuwa pikipiki ya watu wa kawaida. Hata vijana wa posta ya Uingereza waliopeleka simu za maandishi nyumba kwa nyumba walipewa hiyo. Kwa sura zake mbalimbali iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1971.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Bantam yenyewe ilinakiliwa. Michoro yake ni ya pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, iliyotoka katika kiwanda cha Zschopau mwaka 1939. Ujerumani iliposhindwa vita mwaka 1945, michoro hiyo ilichukuliwa kuwa sehemu ya fidia ya vita. Waingereza wakatoa Bantam, na wakaigeuza upande kama sura katika kioo, ili kanyagio la gia likae kulia walikozoea. Wamarekani wa Harley-Davidson wakatoa yao. Wasovieti wakatoa yao, na kwa njia hiyo Minsk ikaanza mwaka 1951. Na Yamaha ya Japani, katika pikipiki yake ya kwanza kabisa, YA-1 ya mwaka 1955, ikafuata mfano uleule. Basi bwana mkubwa akikudharau kwa kunakili bushi moja, mwambie kwamba viwanda vikubwa vya dunia vilinakili pikipiki nzima na havikuona haya.

Kabla ya tupa na moto kuna kupima, na hapo ndipo fundi anapotengana na mtu wa kubahatisha. Chukua jambo la bolti. Mtu anaona bolti ya zamani imepotea, anachukua ya milimita 8 iliyotoka katika pikipiki ya Kijapani au ya Kihindi, anaona inakaribia kuingia, basi anaongeza nguvu ya spana. Inaingia kweli, lakini imekula hesi za alumini ndani ya injini, na kesho haitakaza tena. Pikipiki za Kiingereza za wakati ule zilitumia hesi za namna kadhaa: kuna ile ya Whitworth, ambayo pembe ya meno yake ni digrii 55, kuna iliyo nyembamba zaidi iitwayo BSF, na kuna ile ya baiskeli yenye meno 26 katika kila inchi. Bolti ya inchi 5/16 ni kama milimita 7.94, kwa hiyo jicho linadanganyika kuwa ni ya milimita 8. Lakini bolti ya kawaida ya milimita 8 husogea milimita 1.25 kwa kila mzunguko, na pembe ya meno yake ni digrii 60, hali ile ya hesi ya baiskeli husogea chini kidogo ya milimita 1. Hawa wawili hawaoani hata kwa mahari ya ng'ombe mia.

Fundi mwenye tepu na dai za hesi ile atakereza bolti mpya. Asipokuwa nazo, na tundu limekwisha kuharibika, atalipanua, atalitia hesi mpya kubwa zaidi, kisha ataingiza kibushi chenye hesi nje na ndani, na kazi itakuwa imara kuliko ya mwanzo. Hiyo ni kazi ya saa nzima kwa tundu moja, na mteja akija ataona bolti moja tu.

Kwenye beringi mambo ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Mtu huhangaika miezi mingi akitafuta beringi ya pikipiki ya Kiingereza, na duka lililo karibu na kiwanda cha sukari linayo ndani ya boksi. Siri ni namba iliyopigwa ubavuni. Katika beringi za namba 62, tarakimu mbili za mwisho zaeleza tundu la ndani: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa 5. Kwa hiyo 6203 ina tundu la milimita 17, upana wa nje 40 na unene 12. Namba 6204 ni 20 kwa 47 kwa 14, na 6205 ni 25 kwa 52 kwa 15. Namba hizi ni moja dunia nzima. Beringi ya namna hiyo hukaa katika pampu ya maji, katika mkanda wa kupandishia miwa, na katika feni ya kukaushia chai. Namba ikiwa imefutika, pima kwa kalipa sehemu hizo tatu. Ukikuta C3 mwishoni mwa namba, ujue kwamba beringi hiyo imeachiwa nafasi kubwa kidogo ndani kwa ajili ya joto, na ukiitoa ndani ya injini, rudisha yenye C3 vilevile.

Sili za oili nazo zatafutwa kwa vipimo vitatu hivyo hivyo. Katika injini ya mipigo miwili usizifanyie mzaha. Injini hiyo huvuta pumzi yake kupitia sanduku la kranki. Sili ikivuja, hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, petroli inapungua katika mchanganyiko, pistoni inapata joto kupita kiasi na kukwama. Na oili ya kulainisha inakuja pamoja na petroli. Bantam za kwanza ziliandikiwa sehemu 1 ya oili kwa sehemu 20 za petroli, kwa hiyo hewa ya wizi inapunguza na mafuta ya kulainisha.

Gasketi za karatasi kila fundi anazijua, na jalada la faili la ofisini ni malighafi nzuri. Unaweka karatasi juu ya uso wa chuma, unagonga ukingoni taratibu kwa upande wa mviringo wa nyundo ndogo, na ukingo wenyewe unaikata. Lakini hapa pana mtego. Gasketi ya chini ya silinda ikiwa nene kuliko ya awali, silinda inanyanyuka, milango ya kuingizia na kutolea moshi inahama mahali pake, na mgandamizo unapungua. Mtu atalaumu kabureta wiki mbili, kumbe ni jalada la faili. Gasketi ya shaba haina haja ya kutupwa: ichome mpaka iwe nyekundu, itie majini, nayo inalegea na kufaa tena, kwa kuwa shaba haifanyi kama feleji ambayo ukiitia maji hukakamaa.

Lililonifurahisha kuliko yote ni klachi. Sahani za klachi za Bantam za mwanzo zilitiwa vibonge vya koki, yaani lile gome jepesi wanalofanyia vizibo vya chupa za mvinyo. Vibonge vikiisha, klachi inateleza. Vizibo hivyo hutupwa kila Jumapili nyuma ya nyumba za wakubwa. Unavichemsha katika maji vilegee, unavikata viwe vikubwa kidogo kuliko matundu, unavisukuma ndani vikiwa na unyevu, vikikauka unavisugua juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo mpaka vyote viwe sawa. Pikipiki ikipanda mlima wa shamba la chai ikiwa na watu wawili kwa nguvu ya vizibo vya wakubwa, hata asiyejua ufundi hucheka.

Mengine nayapitia upesi. Kondensa ya plagi iliyokufa yaweza kubadilishwa kwa ile ya gari la zamani, hata kama umbo lake ni jingine, maadamu utaifunga vizuri kwenye chuma. Mpira wa kukanyagia na mpira wa chini ya tangi hukatwa katika tairi. Bushi hukerezwa kwa bronzi iliyotoka katika pampu iliyokufa, na ni afadhali mkereza aache kazi ikiwa kubwa kidogo, ukaimalizia kwa mkono. Tangi likitokwa na jasho la petroli njiani, sabuni ya mche ikisuguliwa pale itakufikisha nyumbani, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Itakufikisha nyumbani tu. Asiwepo mtu wa kuiita hiyo matengenezo.

Sasa nakuja kwenye mipaka, na hapa nitasema kwa ukali.

Waya wa breki ya baiskeli wafaa kwa kuvuta kabureta. Kwa breki ya mbele ya pikipiki haufai, kwa sababu ni mwembamba na haukukusudiwa kuusimamisha uzito ule. Hata ukipata waya mnene, kichwa chake kisibanwe kwa bolti tu. Nyuzi zitanduliwe ndani ya tundu la kichwa kama kikapu, ndipo zilehemiwe, ili zisiweze kuchomoka. Kuna waliobandika kipande cha tairi katika breki badala ya laini yake. Kikiwa baridi kinashika. Kikipata joto kwenye mteremko kinateleza, na mteremko haukungoji utubu. Laini za breki zauzwa kwa vipande katika maduka ya malori. Zifungwe kwa ribiti zilizozama chini ya uso, basi. Ekseli isikatwe katika nondo ya kujengea nyumba. Fomu ya mbele iliyovunjika isichomelewe na mtu anayechomelea mageti.

Tangi la petroli ni jambo la peke yake. Petroli iliyokauka haijaondoka. Imejificha katika mikunjo ya bati, na mvuke wake kidogo na cheche moja vyatosha. Mafundi wengi wameungua kwa tangi lililokuwa "tupu tangu mwaka juzi". Nasema hivi: tangi lisipigwe moto na fundi wa kando ya barabara. Lipelekwe kwa mwenye njia ya kuliosha kwa mvuke na kuondoa hewa ndani yake. Kama hayupo, tafuta tangi jingine.

Na vumbi la breki. Laini nyingi za zamani, pamoja na gasketi za miaka ile, zilitiwa asbesto, nyuzi ambazo zikiingia mapafuni hazitoki, na huleta saratani baada ya miaka mingi. Shirika la Kazi Duniani lilitunga mkataba wake wa asbesto, namba 162, mwaka 1986. Pikipiki ya mwaka 1955 haijui habari ya mkataba huo. Ukifungua ngoma ya breki, usipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Pangusa kwa kitambaa kilicholowa maji, ukifunge katika mfuko, na usipige tupa laini ya zamani ikiwa kavu. Mtoto wa kazi asitumwe kufagia vumbi hilo.

Kuna ndugu watakaosema kwamba ninaogopa, kwamba fundi wa kweli huunda chochote. Watanitajia Burt Munro. Nami namtaja kwa hiari yangu, kwa sababu namheshimu sana. Munro alikuwa mtu wa Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand, alizaliwa mwaka 1899 na kufariki mwaka 1978. Pikipiki yake ilikuwa Indian Scout ya mwaka 1920, ambayo ilipotoka kiwandani ilikimbia kama maili 55 kwa saa. Aliifanyia kazi karibu maisha yake yote, akisubu pistoni mwenyewe kwa kutumia makopo kuwa kalibu, na akichonga konrodi kwa mkono katika chuma cha ekseli ya trekta. Mwaka 1967, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, akiwa na miaka 68, aliiendesha zaidi ya maili 180 kwa saa na kuweka rekodi ya daraja lake.

Lakini mtazameni Munro vizuri. Hakuokota chuma chochote kilichokuwa mbele yake. Ekseli ya trekta ni feleji iliyochaguliwa ili ibebe mzigo na isikatike, naye aliichonga, akaichoma na kuikaza kwa kipimo alichokijua. Tena alikuwa na rafu. Katika banda lake aliweka vipuri vyote vilivyovunjika, pistoni zilizotoboka na konrodi zilizopinda, na akaandika juu yake kwamba hizo ni sadaka kwa mungu wa mwendo kasi. Watu huona ni mzaha. Mimi naona ndiyo daftari la fundi. Kila kipande pale kilimwambia wapi chuma kilishindwa na kwa nini. Na jambo la mwisho kuhusu Munro ni kwamba alihatarisha shingo yake mwenyewe, kwa hiari yake, na hakuna msimamizi aliyesimama nyuma yake akimwambia afanye maarifa.

Hapo ndipo pikipiki inaponirudisha kazini. Sisi wa karakana za mashamba na viwanda twafanya kila siku mambo haya haya kwa mashine kubwa. Huku kwetu Uganda wazee wanakumbuka miaka iliyofuata 1972, viwanda vilipokosa vipuri na fedha za kigeni, vingi vikasimama, na vile vilivyojivuta vilijivuta kwa mikono ya mafundi waliounda bushi, mikanda na gia kwa walichokiokota. Mpaka leo mafundi wa Katwe, Kampala, wanajulikana kwa kuunda kitu kutoka chuma chakavu. Lakini nani aliyepandishwa daraja la mshahara kwa sababu aliunda kipuri? Katika karatasi za ofisi mtu huyu ni "msaidizi wa karakana". Kipuri alichokiunda kingenunuliwa kwa dola, lakini katika hesabu ya mwezi hakionekani, kwa sababu kilitoka katika lundo la chuma chakavu na lundo halina bei.

Mbaya zaidi ni lawama. Kuna vipuri vilivyotengenezwa viwe dhaifu kwa makusudi. Fyuzi ni kimoja, na watu wa pikipiki hukizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mpaka waya zikaungua chini ya tangi. Kingine ni pini ya kukatika, ile inayounganisha shafti na mashine kwenye mikanda na mitambo ya kupondea. Kazi yake ni kufa ili giaboksi ipone, na ili mkono wa mtu ukinaswa mashine ikate nguvu mapema. Katika shamba moja ambalo silitaji jina, pini hizo zilikwisha stoo. Msimamizi akamwambia fundi kwa mdomo, mbele ya mashine inayongojewa na malori, aweke bolti ngumu. Akaweka. Siku ya tatu jiwe likaingia, bolti haikukatika, meno ya giaboksi yakakatika badala yake. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Fundi akakatwa mshahara miezi miwili kwa "kutumia kipuri kisichoidhinishwa", na msimamizi hakukumbuka kusema lolote. Tawi la chama lilipokwenda kumtetea halikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha, na ile bolti ilikwisha kutupwa.

Wengine hunijibu kwamba tukidai malipo na masharti, tajiri atanunua vipuri vipya na mafundi tutakosa kazi. Na anunue! Pini za kukatika ni rahisi kuliko giaboksi, na hakuna fundi aliyewahi kulia kwa sababu stoo ina vipuri. Pia husemwa kwamba ufundi huu umepitwa na wakati, kwani vipuri vya pikipiki za Kihindi na Kichina vimejaa madukani kwa bei ya chini. Ni kweli kwa pikipiki mpya. Lakini kijana aliyezoea kufungua boksi na kufunga kipya hajui kwa nini kile cha zamani kilikufa. Mpe Bantam, au Honda na Yamaha za miaka ya 1970, akae nayo mwaka mmoja, apime kila kitu. Akiingia kiwandani atajua kusoma beringi, hesi na sili bila kungoja mhandisi kutoka mjini. Mafunzo hayo yanatolewa bure na wazee wa karakana baada ya saa za kazi, na mwajiri ndiye anayeyavuna.

Kwa hiyo nasema katika mkataba wa pamoja ujao yaingizwe mambo ambayo fundi wa pikipiki ameyajua siku zote. Kazi ya kuunda kipuri iandikwe kuwa ni kazi ya daraja la fundi stadi, na saa zake zihesabiwe, pamoja na saa za kupima. Amri ya kuunda kipuri iwe ya maandishi, yenye sahihi ya aliyeitoa. Na fundi akisema kwamba kipuri fulani hakiundwi, iwe ni breki ya trekta, pini ya kukatika, kinga ya mkanda au chombo cha mvuke, neno lake lisihesabiwe kuwa ukaidi. Hili si jambo la kuomba kwa magoti. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981, katika kifungu cha 13, wasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa katika kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba pana hatari kubwa iliyo karibu na maisha au afya yake, alindwe asipate madhara yasiyostahili. Na mwaka 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo uliuweka mkataba huo miongoni mwa mikataba ya msingi, ambayo nchi zote wanachama zimepaswa kuheshimu kanuni zake, hata zile ambazo hazijauridhia.

Tusingoje mkataba kwa jambo moja, nalo ni rafu. Kila karakana yaweza kuwa nayo wiki hii. Kila kipuri cha kuundwa kikivunjika kisitupwe. Kifungiwe kadi yenye tarehe kilipofungwa, tarehe kilipovunjika, chuma kilichotumika, na jina la aliyeamuru kifungwe. Katibu wa tawi awe na nakala ya kadi hizo nje ya karakana, kwa maana rafu ina tabia ya kusafishwa usiku wa kuamkia kikao. Katika tawi letu tumekwisha kuanza. Rafu yenyewe ni ubao mmoja wa sanduku la chai na misumari minne, na cha kwanza kuwekwa juu yake ni ekseli ya pikipiki iliyokatwa katika nondo, imepinda kama upinde, aliyotuletea kijana mmoja wa kikosi cha kunyunyizia dawa. Alikuwa akienda polepole.